Kipimo cha Maji Makavu

Kuna harufu ambayo nikiisikia popote, hata nikiwa katikati ya watu waliovaa vizuri, nageuka kumtafuta mama. Ni harufu ya asidi ikigusa shaba ya moto na risasi ikianza kuyeyuka. Wenzangu mama zao walinukia udi na vitunguu vya kukaanga. Wangu alinukia rejeta. Alikuwa fundi wa rejeta, vile vyuma vya kupozea maji ya injini, pale Likoni ng'ambo ya feri ya Mombasa, kazi aliyoirithi kwa babu yangu, na mpaka leo watu wa rika langu waliokulia kule wakikutana nami hunijua kupitia kwake kwanza. Wewe si yule wa Fundi Kadzo? Ndiye mimi.

Mwezi uliopita, tulipokwisha kumzika na wageni kurudi makwao, mimi na baba tuliingia gereji yake kupanga vitu. Nyuma ya mlango nikakuta kipande cha boksi kimepigiliwa ukutani kwa misumari miwili. Lilikuwa boksi la mafuta ya kupikia, limekatwa refu na jembamba, lina doa la grisi pembeni na chumvi nyeupe ukingoni chini. Vipande vya namna hii mama alikuwa navyo tele, na karibu vyote viliishia kuwashia jiko. Hiki kilipona. Nilikijua kabla sijakigusa, na uso ukanipata moto kama mtoto aliyefumaniwa na mkono kwenye kopo la sukari.

Nilikuwa darasa la tano au hapo karibu. Baba alikuwa ameendesha gari la hoteli moja huko Diani kwa miaka mingi, hata hoteli ikapunguza wafanyakazi, naye akaona heri anunue gari lake mwenyewe, awe anawachukua wageni wa hoteli hiyohiyo kuwapeleka uwanja wa ndege. Ndiyo kazi iliyotulisha, na hatukuwa na nyingine ya kuaminika, maana rejeta za mama zilikuja siku zilipojisikia kuja. Gari lilikuwa steshenwagoni ya buluu yenye tabo, na juu ya boneti lilikuwa na tundu pana la kuingiza upepo. Baba alilipenda gari lile mapenzi ya aibu. Alilipangusa kwa kitambaa ambacho mimi sikuruhusiwa hata kukigusa.

Kisha gari likaanza kumwangusha. Asubuhi lilikimbia vizuri, lakini likikaa foleni ya feri saa nzima juani, wageni wanne ndani, mabegi nyuma na ubaridi wa kiyoyozi umewashwa, lilivuka likiwa limechoka. Likifika mlima wa Changamwe injini ilianza kugonga, tiki tiki tiki, kama mtu anayetikisa misumari kwenye mkebe, na baba alilazimika kusimama kando lipoe. Mara mbili wageni walikosa ndege. Mara ya pili meneja wa hoteli alimwita ofisini, akamkaribisha chai, akamwambia kwa upole kwamba mgeni mmoja tena akikosa ndege, kazi atapewa dereva mwingine. Baba aliporudi nyumbani hakula. Alisema ile chai ndiyo iliyomtia hofu.

Mngedhani jambo la kwanza lingekuwa kumwonyesha mkewe, fundi aliyekuwa akishinda na magari yaliyopata joto. Wapi. Gari lake baba alilipeleka Kisauni, huko mbali kabisa, kwa mafundi wanaume. Hakuwa mtu mbaya, na mama alimpenda, nami nampenda mpaka leo. Lakini madereva wenzake kwenye foleni walikuwa wakimtania kwamba kwake mume ndiye anayesonga ugali na mke ndiye anayeshika spana. Kwa hivyo gereji ya mama haikuwa na kibao cha jina, na gari la baba halikuwahi kuingia humo. Mama alilijua hilo. Alikuwa akilitazama gari likitoka kwenda Kisauni, kisha anarudi kwenye rejeta yake akiimba.

Jumapili moja baada ya kanisa alinikuta nikijaza upepo gurudumu la baiskeli. Baba alikuwa amekaa kizingitini, kichwa mikononi. Mama akaniambia nipige pampu kwa nguvu mara hamsini, kisha nishike chini, pale inapotokea hewa. Nikashika, nikaachia upesi.

"Moto?" akauliza.

"Moto, mama."

"Hewa ikibanwa hupata moto. Tabo kazi yake ni hiyo, kuibana hewa iisukume kwenye injini. Sasa injini ukiinywesha hewa ya moto, hugonga. Ndiyo maana kukawa na intakula, ya kuipoza hewa njiani."

Alikuwa akisema nami, lakini kila neno lilikuwa la baba, na baba alijua. Akaendelea kunieleza, taratibu, kwamba ile intakula ya gari letu waliiweka juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likienda, upepo unaingia na kuipoza. Gari likisimama foleni, ni sufuria juu ya jiko. Dawa yake ni kuitoa pale juu na kuweka nyingine mbele kabisa, nyuma ya bampa, mahali upepo unapofika kwanza. Hapo baba akainua kichwa. Akasema mafundi wa Kisauni walikuwa wamebadilisha plagi, mafuta, mpaka pampu ya petroli. Hakuna aliyemwambia habari ya pampu ya baiskeli. Mama aliingia ndani kupakua chakula, na baba siku ile akala.

Kwa hivyo tukaenda Changamwe, sote watatu, kwa kijana aliyekuwa akiuza vyuma vya magari vilivyotumika. Alikuwa mtu wa bara, jina lake Brayo, mcheshi, na gari lake mwenyewe lilikuwa limeinama mbele kama linanusa barabara. Alikuwa na intakula zimepangwa ukutani, nyingine kubwa kama mlango wa kabati. Baba akaivamia iliyo kubwa kuliko zote. Ilikuwa nene, inang'aa, na Brayo akamwambia hiyo ndiyo wanayoweka wanaoshindana Nairobi.

"Mzae, weka hii. Hautajuta."

Mama alikuwa amechutama kwenye ya chini kabisa, nyembamba na refu, imepinda mapezi, yaani vile vipande vyembamba vya bati ambavyo upepo hupita kati yake. Aliiinua juani aone mwanga ukipenya, akaziba tundu moja kwa kiganja na kupuliza lingine kwa mdomo. Brayo akacheka kwa adabu, akamwambia hiyo ni ndogo, ni ya watoto.

"Mwanangu," mama akasema, "hizo kubwa nimeziba tatu mwaka huu. Zote zimeumia chini."

Brayo hakuelewa, na baba naye akasema tusimpotezee kijana wakati, kubwa ni kubwa. Mimi kwa jinsi nilivyomjua mama nilingoja ubishi. Haukuja. Aliomba tu maboksi mawili matupu, akayalaza juu ya intakula hizo mbili, kubwa na nyembamba, akazichora kwa penseli pande zote, unene ameupima kwa vidole. Tukarudi Likoni na boksi. Chuma hatukununua.

Hapo ndipo kichwa changu cha kitoto kilipopotea njia. Wiki nzima nilikuwa nimesikia intakula, intakula, na sasa mama yuko chini ya taa ya gereji anakata boksi kwa mkasi, anazikunja pembe, anazishona kwa waya. Nyuma ya kila boksi lake aliandika, kama alivyoandika siku zote: gari la nani, maji ya namna gani, nafasi kiasi gani, na mwisho fundi, hapo akiweka herufi moja tu, K. Mistari ya katikati ilikuwa bado mitupu. Mimi nikaamini kwamba ndiyo yenyewe. Niliamini tumekuwa maskini kiasi kwamba gari la baba litatengenezwa kwa boksi la mafuta ya kupikia, na wageni wa hoteli watapelekwa kwenye ndege zao na gari lenye uso wa karatasi. Sikumwuliza mtu. Nililala na wazo hilo kama mtu aliyelala na jiwe chini ya godoro.

Mama alikwenda kwa Bi Mishi, jirani yetu aliyekuwa akikaanga samaki barazani na kuyajua maji kuliko kalenda. Alimwamkia, akakaa, wakaulizana habari za watoto wote mmoja mmoja, ndipo akauliza bamvua ni lini.

"Jumanne," Bi Mishi akasema. "Mwezi utakuwa umekwisha kujaa. Maji yatakauka saa nne asubuhi, na utayaona mawe ambayo hujapata kuyaona, inshallah."

Ambaye hakukaa Likoni huenda haelewi bamvua inahusiana vipi na gari. Kivukoni kuna mteremko wa saruji unaoingia majini, na feri ikifika huteremsha mlango wake juu ya mteremko huo ili magari yapite. Maji yakiwa yamejaa, mlango hulala karibu sawa na barabara. Yakikauka, feri iko chini kule. Gari likitoka linashuka kwanza, halafu linapanda ghafla, na pale kwenye kona ndipo pua ya gari hukutana na saruji. Bamvua ndiyo siku maji yanapotoka mbali kuliko siku zote. Mtu wa Nairobi anapima gari lake likiwa limesimama uwanjani. Mama alisema gari la Likoni hupimwa na maji makavu.

Jumanne tulikuwa likizo, nami nikachukuliwa. Asubuhi mama alikuwa ameshafungua bampa ya mbele, akaliweka boksi kubwa mbele ya rejeta, akalifunga kwa waya. Gari bila bampa lilifanana na bibi aliyevua meno. Baba aliendesha kimya, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Niseme kweli, leo namwona mwanamume katika kimya kile. Alikuwa anaingia kwenye foleni ileile ya wale watani wake, na gari lile, na mkewe amevaa ovaroli, na hakurudi nyuma. Wakati ule sikuona hayo. Niliona aibu yangu tu, nikateleza kwenye kiti cha nyuma mpaka macho yakawa sawa na dirisha.

Tulipoingia feri mama alishuka. Alilala chali mbele ya gari, kichwa chini ya injini, akikaza waya. Watu wa miguu walikuwa wamejaa pande zote, nao wakatazama, maana nani asingetazama. Na katika watu hao alikuwapo Zuhura, tuliyekaa naye dawati moja, anakwenda mjini na shangazi yake. Akaja dirishani.

"Sidi, gari lenu lina nini? Na yule mwanamke aliyelala chini ni nani?"

Nilitazama. Miguu ya mama ilikuwa imetokeza, viatu vyake vya kazi vina matone ya risasi, kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani. Ningeweza kusema lolote.

"Ni fundi," nikasema. "Wa Changamwe."

"Mwanamke?"

"Huko Changamwe wako."

Zuhura akaridhika, akarudi kwa shangazi yake. Injini ya feri ilikuwa ikinguruma, mlingoti unatikisika, na mimi nikajiambia kwamba chini kule hakusikiki kitu. Mama alitoka, akajipangusa mgongo, akaenda kusimama mbele kabisa ya gari pamoja na watu wa miguu. Hakunitazama. Nilidhani anataka kuona mteremko vizuri.

Feri ilipogota, mfanyakazi mmoja alimwambia apishe. Mama akamwomba radhi, akamwambia ni dakika moja, anapima. Yule bwana akaangalia boksi, akaangalia mteremko, akawa wa kwanza siku ile kuelewa. Akazuia magari yaliyokuwa nyuma yetu kwa mkono. Mama alichutama kwenye saruji iliyolowa, shavu karibu na chini, na baba akaliteremsha gari taratibu. Nikasikia boksi likikwaruza, likikunjika, likichanika. Baba alisimamisha gari palepale. Alishuka, akainama kando ya mama, na wote wawili wakatazama ule ukingo uliopasuka.

Mama hakumwambia baba: nilikuambia. Ningekuwa mimi ningemwambia, na mngekuwa ninyi mngemwambia. Mama alifungua waya, akalitoa boksi bovu, akachukua la pili kutoka nyuma ya gari, lile jembamba. Tukageuka na kurudi na feri hiyohiyo kabla maji hayajaanza kujaa. Upande wa Likoni akachutama tena, shavu chini, mkono wake wa kulia ameuingiza kati ya boksi na saruji gari likipita. Baba alishusha kioo.

"Vidole vitatu," mama akasema.

Hayo tu. Akatoa penseli sikioni, akalifungua boksi, akaligeuza, akaandika akiwa amesimama palepale kivukoni huku magari yakitupigia honi. Nakumbuka aliandika, akasita, akauma penseli, kisha akaandika tena. Nikaona kama anatabasamu.

Tulipofika nyumbani nilianza kulia, nikasema sitaki baba apeleke wageni na gari la boksi. Walinitazama wote wawili wasielewe, halafu mama akaelewa, akacheka hata akakaa chini. Akanichukua kunionyesha kwamba boksi ni kipimo, kama fundi cherehani anavyokata gazeti kabla ya kitambaa. Nilicheka pia, kwa ile nafuu. Lakini nafuu ile ilikuwa na kivuli, kwani kama boksi halikuwa umaskini bali akili, basi nilikuwa nimemkana mama yangu bure. Nikalifungia jambo hilo ndani, nikatumaini litakufa humo.

Ile intakula nyembamba ikanunuliwa, na Brayo safari hii hakucheka. Mama aliketi nayo siku tatu, akiyanyoosha mapezi yaliyopinda moja baada ya jingine kwa chanuo langu la chuma, na mpaka leo chanuo hilo sijarudishiwa. Aliiosha ndani kwa mafuta ya taa, maana mafuta ya injini yakibaki kwenye paipu, mipira ya kuungia huteleza na kuchomoka. Aliziba matundu yake, akaitia upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji lililokuwa uani, na tukainama sote kutafuta mapovu. Povu moja lilitoka kwenye kona. Alipachomelea, akaizamisha tena, na maji yakatulia. Sijawahi kuona mtu akiyatazama maji yaliyotulia kwa furaha namna ile.

Kuifunga kulichukua siku mbili. Kile chuma cha kulala nyuma ya bampa, ambacho mafundi wengi hukikata ili wapate nafasi, alikataa kukigusa. Alisema Baba Sidi anabeba watu. Alikata plastiki tu, kidogo kidogo, na kuupitisha mpira kando ya betri pahali palipokuwa pembamba kuliko mkono wangu. Aliacha upenyo kati ya intakula na rejeta, akisema rejeta nayo yataka kupumua, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayemtetea jamaa yake. Baba alikuwa akimpa spana. Gari lilikuwa ndani ya gereji ya mama kwa mara ya kwanza, na mlango ulikuwa wazi barabarani, na mtu yeyote aliyepita aliona nani anampa nani spana.

Ijumaa moja, bamvua nyingine ilipofika, baba alikwenda Diani kuchukua wageni. Ndiyo ilikuwa safari ya kuamua, nasi tulijua. Mama alianza kuziba rejeta moja, akaiyeyusha risasi yake, akaiziba tena mahali palepale. Mimi nilikaa kwenye gurudumu kuukuu nikijifanya nasoma. Adhuhuri ikapita. Bi Mishi alileta samaki, akauliza, akajibiwa bado, akakaa nasi kungoja. Gari likaja alasiri, tukalisikia kabla ya kuliona.

Baba alishuka, akasimama mbele ya mama kama mtoto anayetoa hesabu ya kazi aliyotumwa. Alieleza foleni ilivyokuwa ndefu, jua lilivyowaka, maji yalivyokuwa yametoka na mteremko ulivyosimama, na jinsi gari lilivyopita bila kugusa. Alisema alipoukaribia mlima wa Changamwe alizima redio ili asikie. Mgeni mmoja akamwuliza kuna nini, naye akasema anasikiliza tu. Akapanda, ubaridi umewashwa, watu wanne na mabegi, akingoja ile tiki ya kwanza. Haikuja. Wageni walifika mapema wakapata nafasi ya kunywa soda.

"Lakini nikikanyaga mafuta, mguu wangu unajibiwa kwa kuchelewa kidogo," akasema.

"Hewa ina safari ndefu sasa," mama akasema. "Ipe nafasi."

Kisha baba akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alivua kofia yake akaiweka kichwani kwa mama, mbele ya Bi Mishi, akaingia ndani kuoga. Jumamosi iliyofuata alinunua rangi, akapanda ngazi, na kwa mkono wake uliokuwa haujui kuandika kwa burashi akaandika juu ya mlango wa gereji: FUNDI KADZO, REJETA NA INTAKULA. Herufi za mwisho zilibanana kwa kukosa nafasi. Kuanzia hapo kwenye foleni ya feri ikawa yeye ndiye anayewachosha madereva wenzake. Gari hili, mke wangu. Paipu hii, mke wangu. Ukiumwa na joto nenda kwa mke wangu. Kazi ya hoteli aliishika mpaka alipostaafu, na magari ya tabo yakaanza kuja Likoni kutoka Mtwapa, kutoka Kilifi, hata Brayo akawa anatuletea wateja wake na kumwita mama Mwalimu.

Kwa hivyo aliyebaki na deni la ukweli nilikuwa mimi. Zuhura bila shaka alikuja kujua, Likoni si kubwa kiasi hicho, lakini hakuniuliza tena nami sikumwambia. Mama hakulitaja kamwe. Siku nyingi nilitaka kumwomba radhi, na kila siku niliona ni jambo dogo mno la kufufua, na kwamba yeye halijui. Nilikua, nikasoma, nikahama. Nikija likizo nilikaa gereji nikimtazama akifanya kazi, nikiwa na fahari iliyonijaa mpaka kooni, na lile neno likiwa bado chini yake.

Siku hizi mtu wa Diani anayekwenda uwanja wa ndege anapita barabara mpya ya Dongo Kundu inayokwepa kivuko, haoni feri wala haulizi maji. Gari la buluu liliuzwa zamani. Hakuna tena wa kulipima kwa bamvua, na nadhani ndiyo maana baba alipoliona boksi mkononi mwangu alicheka kwanza, kisha akatafuta miwani.

Aliligeuza, akasoma kwa sauti, taratibu, kidole kikifuata penseli iliyofifia.

"Gari, la Baba Sidi. Maji, makavu, bamvua, saa nne. Nafasi, vidole vitatu." Akasogeza boksi karibu na mlango apate mwanga. "Fundi." Akaisogeza miwani. "Fundi, wa Changamwe."

Herufi K haikuwapo. Ilikuwa imefutwa kwa kidole, kilichobaki ni kivuli cha risasi ya penseli, na pembeni yake, kwa mwandiko ule ulionifundisha kuandika jina langu, ndiyo maneno yale. Alisikia. Amelala chali chini ya injini, feri inanguruma, alisikia kila neno, akasimama kivukoni akauma penseli, akaandika. Halafu akalipigilia nyuma ya mlango, mahali palipoonekana mlango ukifungwa tu, yeye akiwa peke yake ndani. Sijui kama alikuwa akicheka au alikuwa ameumia. Namjua mama yangu, nadhani yote mawili. Na miaka yote ile nilikuwa nikikaa hatua tatu kutoka pale, nikimtazama, mlango ukiwa wazi.

Baba alikuwa bado amelishika, uso umekunjamana.

"Huyu fundi wa Changamwe ni nani? Kazi hii si aliifanya..."

Nikamwambia.

"Ni mama," nikasema. "Fundi ni mama yangu."